Mwanamke Kizingitini: Uongozi wa Wanawake katika Tamthilia ya Kiswahili

I. Swali lenyewe

Wahakiki wa fasihi ya Kiswahili wamekwisha kuandika mengi juu ya "nafasi ya mwanamke". Mada hii imekuwa kama joho la kuazima: kila mwanafunzi atafutaye pa kuanzia tasnifu hulivaa, akalirudisha likiwa vile vile lilivyokuwa. Huhesabu wahusika wa kike, huonyesha walivyodhulumiwa, kisha hutoa hukumu kwamba mwandishi amemkomboa mwanamke au amemkandamiza. Makala haya hayakusudii kuiongeza hesabu hiyo. Yanakusudia kuuliza swali lililo jembamba zaidi, nalo ni hili: mwanamke wa tamthilia ya Kiswahili aingiapo katika siasa, huishia wapi? Tumewahi kumwona jukwaani akikalia kiti cha utawala, akiendesha mkutano, akigawa fedha za umma, akikosea na kuulizwa juu ya makosa yake?

Tutazijadili tamthilia tatu ambazo zimemweka mwanamke mbele katika harakati za siasa: *Kilio cha Haki* ya Alamin Mazrui (1981), *Nguzo Mama* ya Penina Muhando (1982), na *Kigogo* ya Pauline Kea (2016). Dai letu ni kwamba tamthilia hizi, pamoja na ubora wake usio shaka, humfikisha mwanamke kwenye kizingiti cha utawala na kumwacha hapo. Humpa mateso, humpa ujasiri, humpa hata umati wa kumshangilia. Lakini hazimpi ofisi. Na jambo hili si dogo, kwa kuwa vitabu hivi havisomwi na wahakiki peke yao. *Kigogo* kilitahiniwa katika shule za sekondari za Kenya kuanzia 2018 hadi 2022. Msichana wa Kakamega ambaye hajapata kumwona mwanamke akiliwakilisha jimbo lake bungeni amemsoma Tunu. Tuna haki ya kuuliza amesoma nini.

II. Sauti zilizotangulia

Hatuna budi kwanza kukumbusha kwamba mwanamke hakuletwa katika siasa ya Waswahili na waandishi wa tamthilia. Mwana Kupona binti Msham, aliyetunga utenzi wake mashuhuri mwaka 1858, alikuwa mjane wa Bwana Mataka, mtawala wa Siyu aliyeupinga utawala wa Sultani Said wa Unguja kwa silaha. Utenzi wenyewe, kama kila msomaji ajuavyo, unamwusia binti yake juu ya dini, adabu na mume. Vita vya Siyu havimo. Mama aliyeishi ndani ya nyumba ya siasa kwa miaka mingi alipoandika, aliandika juu ya nyumba na kuiacha siasa nje. Wako wanaousoma utenzi huo kama utii mtupu, na wako wanaousoma kama busara ya mtu ajuaye kwamba watawala hupita na mwanamke hubaki na watoto. Vyovyote iwavyo, mpaka umechorwa: mwanamke ana kauli, lakini kauli yake inaishia mlangoni.

Mpaka huo ulivukwa katika maisha mapema kuliko ulivyovukwa katika vitabu. Bibi Titi Mohamed alitoka katika vikundi vya ngoma vya wanawake wa Dar es Salaam, na tangu 1955 aliwavuta maelfu ya wanawake kuingia TANU. Hakusubiri mwandishi ambuni. Ngoma ilikuwa na uongozi wake, michango yake, vyeo vyake na mashindano yake. Mtu aliyejua kuendesha ngoma alikwisha kujua nusu ya kazi ya kuendesha chama. Baadaye aliongoza Umoja wa Wanawake wa Tanzania, akawa mbunge na waziri mdogo, akashindwa katika uchaguzi wa 1965, akashtakiwa kwa uhaini mwaka 1970, akaachiliwa 1972. Hayo ni maisha ya mwanasiasa kamili, yenye kupanda na kushuka, na yenye maswali ambayo bado yanajadiliwa.

Upande wa Kenya, Ruth Habwe, aliyekuwa kiongozi wa Maendeleo ya Wanawake, aligombea ubunge mwaka 1964 akiwa mgombea huru. KANU ilimsimamisha uanachama, na wanaume wa chama wakamwambia arudi jikoni. Mwaka uliofuata Grace Onyango akawa meya wa Kisumu, na mwaka 1969 akawa mwanamke wa kwanza kuchaguliwa katika Bunge la Kenya. Mwaka 1974 Julia Ojiambo alichaguliwa Busia, mwendo mfupi kutoka hapa Kakamega, akawa mwanamke wa kwanza kuteuliwa waziri msaidizi. Kwa hiyo mwaka 1981, Mazrui alipochapisha tamthilia yake, mwanamke mwenye ofisi hakuwa tena kiumbe cha kubuniwa. Alikuwapo, na malighafi ya kumwandika ilikuwa tele.

III. Wanawake wa namba

*Nguzo Mama* inafaa kutangulizwa kwa kuwa inalieleza tatizo letu kwa mfano ulio wazi kabisa. Wanawake wa kijiji cha Patata wanatakiwa kuisimamisha nguzo iliyolala. Wanakusanyika, wanagombana, wanatawanyika, wanarudi. Kila mmoja ana mzigo wake. Yuko anayenyang'anywa mali na jamaa za marehemu mumewe. Yuko anayeibeba nyumba peke yake huku mume akinywa. Yuko anayejali mavazi kuliko shughuli iliyowakutanisha. Nguzo haisimami.

Ni rahisi kuisoma tamthilia hii kama kilio cha kukata tamaa, au hata kama lawama kwa wanawake kwamba hawapendani. Usomaji huo unaikosea haki. Muhando aliandika katikati ya Mwongo wa Wanawake uliotangazwa na Umoja wa Mataifa, ulioanza 1975 na kumalizikia kwa mkutano mkuu wa Nairobi mwaka 1985, wakati ambapo kila serikali ilikuwa na kaulimbiu juu ya mwanamke na kila chama kilikuwa na jumuiya ya kina mama. Alichokionyesha ni kwamba kaulimbiu haibebi nguzo. Anayeibeba ni mtu mwenye mikono, na mikono ya wanawake wa Patata tayari imeshika mtoto, jembe, sufuria na deni. Huo ni uchambuzi wa siasa, tena wa hali ya juu: ushiriki hauzuiwi na sheria peke yake, unazuiwa na saa za mchana.

Lakini tuyaangalie majina. Wanawake hawa wanaitwa kwa namba: Bi Pili, Bi Tatu, Bi Nne, hadi Bi Nane. Tunaelewa sababu ya kifani. Mwandishi anataka wawakilishe aina za wanawake wala si watu mahususi. Hata hivyo namba ina gharama yake. Bi Tatu hawezi kugombea chochote. Hana ukoo, hana kata, hana maadui wake binafsi, hana deni la fadhila kwa mtu yeyote, na siasa yote duniani huendeshwa kwa mambo hayo.

Mtindo huu si wa Muhando peke yake. Katika tamthilia ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Micere Mugo juu ya kesi ya Kimathi, iliyotoka 1976 na kufasiriwa kwa Kiswahili kwa jina la *Mzalendo Kimathi*, mhusika anayeibeba hatari kubwa kuliko wengi, anayepitisha bunduki iliyofichwa ndani ya mkate, anaitwa Mwanamke, basi. Kimathi ana jina. Majaji na mabwenyenye wana vyeo. Yeye ni jinsia yake. Waandishi walitaka kumkuza hadi awe wanawake wote. Wakamkuza hadi akakosa kuwa mtu mmoja.

Msomaji wa Kenya ya leo ataona kwamba sheria yetu nayo imewajua wanawake kwa njia hiyo hiyo. Katiba ya 2010, katika vifungu vya 27 na 81, inataka pasiwe na jinsia moja itakayozidi theluthi mbili katika vyombo vya kuchaguliwa. Mahakama ya Juu ilishauri mwezi Desemba 2012 kwamba sheria ya kulitimiza hilo ipitishwe kufikia tarehe 27 Agosti 2015. Tarehe ilipita. Miswada ililetwa bungeni na kuangushwa kwa uhaba wa wabunge waliohudhuria. Tarehe 21 Septemba 2020 Jaji Mkuu David Maraga alimshauri Rais alivunje Bunge kwa kosa hilo, na Bunge halikuvunjwa. Kwa muda wote huo mjadala ulikuwa juu ya theluthi, na viti vya kujazia theluthi. Hatusemi hesabu haina maana; bila hesabu Rwanda isingefika mwaka 2008 kuwa nchi ya kwanza duniani ambayo wanawake ni wengi kuliko wanaume bungeni. Twasema kwamba hesabu hujaza viti, na fasihi ilikuwa na kazi nyingine: kutuonyesha atakayekaa humo ni nani.

IV. Lanina, au gharama ya kuongoza

*Kilio cha Haki* inampa mwanamke wake jina. Lanina ni mfanyakazi anayewaongoza wenzake kudai haki kwa mwajiri wa kizungu, Delamon, ambaye jina lake halimpi msomaji wa Kenya taabu ya kulitambua. Mazrui hakumweka Lanina katika kikundi cha wanawake. Alimweka katika chama cha wafanyakazi, mbele ya wanaume, na hapo ndipo ulipo ushujaa wa tamthilia yenyewe. Lanina anapigana vita viwili kwa wakati mmoja: kimoja na Delamon, na kingine na wanaume wa tabaka lake mwenyewe ambao wanataka haki ya mfanyakazi lakini hawataki kuipokea kutoka katika mikono ya mwanamke.

Vita hivi vya pili ndivyo vinavyoifanya tamthilia hii iwe hai hata sasa. Mwandishi mwepesi angemfanya mkoloni awe adui wa pekee, na ukombozi wa mfanyakazi ungemaliza kila shida. Mazrui, ingawa msimamo wake wa kitabaka hauna kificho, alikataa wepesi huo. Alijua kwamba mtu aweza kuwa mwanamapinduzi kiwandani na sultani nyumbani.

Hata hivyo, siasa ya Lanina inampeleka mikononi mwa dola, si kwenye kiti. Katika tamthilia iliyowekwa enzi ya ukoloni, hilo lina ukweli wake wa kihistoria, wala hatumlaumu mwandishi kwa kukataa kudanganya. Tena yeye mwenyewe alilipa kwa kalamu yake: mwaka 1982, akiwa mhadhiri wa Chuo cha Kenyatta, aliwekwa kizuizini bila kushtakiwa. Tunalotaka kulibainisha ni namna mfano wa Lanina ulivyopokewa na waliofuata. Kiongozi wa kike wa fasihi yetu ni yule anayeteseka. Mateso yamekuwa cheti chake cha kuzaliwa, asipoteswa, hatumtambui.

V. Tunu na soko la Chapakazi

Miaka thelathini na mitano baadaye, Pauline Kea anatupa Tunu. Jimbo la Sagamoyo linatawaliwa na Majoka, naye amelifunga soko la Chapakazi kwa nia ya kujenga hoteli ya kifahari. Tunu na Sudi wanaongoza upinzani. Tunu anashambuliwa na kuumizwa mguu. Anarudi uwanjani akitembea kwa shida, na mwishoni umati unamwacha Majoka na kumfuata yeye.

Yako mambo mawili ambayo Kea ameyatenda vizuri kuliko waliomtangulia. La kwanza, ameishusha siasa hadi sokoni. Ugomvi wa Sagamoyo si juu ya bendera wala itikadi. Ni juu ya mahali pa kuuzia. Yeyote aliyewahi kusimama katika soko la Khayega au la Mumias siku ya gulio anajua kwamba hapo ndipo serikali hukutana na mwanamke: katika ushuru anaotozwa, katika choo kisichokuwapo, katika mvua inayonyeshea mboga zake. Kulifanya soko liwe kiini cha tamthilia ya kisiasa ni kuitambua siasa pale wanawake walipokwisha kuifanya. La pili, ni kisa cha kinyago. Watawala wanamtaka Sudi amchonge kiongozi aliyepita kwa ajili ya sherehe za uhuru. Sudi anakataa, naye anachonga sura ya mwanamke, shujaa wa kweli wa Sagamoyo. Mchongaji anaiona historia kabla ya umati kuiona.

Lakini kinyago hicho hicho kinatutia wasiwasi. Tunu amekuwa sanamu kabla ya kuwa kiongozi. Angalia jinsi alivyosafishwa: hana tamaa, hana kinyongo, hana uchovu, hana mapenzi ambayo yangemgawanya moyo. Posa ya mwana wa Majoka haimtikisi hata kidogo. Wanawake walio na damu mwilini wamewekwa upande mwingine. Ashua, mkewe Sudi, anachoshwa na umaskini na harakati zisizoleta unga nyumbani, na kwa hilo anaonekana dhaifu. Husda ana wivu. Asiya anapika pombe. Kila mmoja wao ana hitaji ambalo msomaji analijua. Kwa hiyo kila mmoja amenyimwa siasa. Ashua hasa ndiye aliyestahili kusikilizwa zaidi. Swali lake, nani atawalisha watoto wakati mashujaa wakiandamana, ndilo swali lile lile la wanawake wa Patata, na serikali yoyote ya Tunu ingelazimika kulijibu asubuhi ya kwanza.

Asubuhi hiyo hatuioni. Tamthilia inaisha umati ukishangilia. Hatujui Tunu atalifungua soko kwa kanuni gani, atawatendaje waliokula na Majoka, wala atafanya nini siku wachuuzi watakapokataa kulipa ushuru kwake yeye.

VI. Kiti na uchafu wake

Msomaji aweza kutupinga hapa kwamba tamthilia haina budi kuisha mahali fulani, na kwamba anguko la dhalimu ni mahali pazuri pa kuishia. Pingamizi hilo lina nguvu, nasi tutalijibu kwa kuwatazama wanaume.

Waandishi wetu wanaijua ofisi. Majoka mwenyewe tunamwona akiwa ofisini na mshauri wake Kenga, wakipanga, wakidanganyana. Katika *Mstahiki Meya* ya Timothy Arege, shughuli za baraza la mji wa Cheneo zimeandikwa kwa kina: meya na madiwani, mgomo wa wafanyakazi, fedha za kuwakaribisha wageni. Hakuna upungufu wa ufundi, basi. Tofauti ni kwamba ofisi inapoonyeshwa, aliyemo ni mwanamume, naye ni mwovu. Fasihi yetu, kwa sababu ambazo nusu karne ya utawala mbaya imezitoa bure, imekiona kiti kuwa kitu kichafu. Ikitaka kumtunza mtu awe safi, humweka nje ya kiti. Na kwa kuwa imemchagua mwanamke awe usafi wetu, imemfungia nje.

Huu ndio moyo wa hoja yetu. Kizingiti si bahati mbaya ya muundo wala si uvivu wa mwandishi. Ni maadili. Tumemwambia msichana kwamba siasa ni tukufu barabarani na ni najisi afisini, kisha tunashangaa anapokua na kusema siasa ni mchezo mchafu, awaachie wanaume.

Lugha nayo inatusaidia kulijenga kosa hili. Mwanamke aliyeingia katika utawala hupewa jina la Mama. Atasemwa kwamba wanaume nao huitwa Mzee na Baba wa Taifa, na ni kweli. Lakini majina hayo hayana uzani mmoja. Baba huamuru na kuadhibu na bado akabaki baba. Mama hutarajiwa kulisha, kusamehe na kulia. Akiamuru, ameacha kuwa mama. Samia Suluhu Hassan alipoapishwa kuwa Rais wa Tanzania mwezi Machi 2021, baada ya kifo cha John Magufuli, mitaa iliyosema "Mama anaupiga mwingi" ilikuwa ikisifu kwa lugha ya nyumbani. Kisha ukaja uchaguzi wa tarehe 29 Oktoba 2025, na maandamano, na umwagaji damu, na kuzimwa kwa intaneti. Hapo lugha ya umama ikaishiwa. Wako waliomtetea kwa kuwa ni mama, na wako waliomshutumu kwa kuwa mama hafanyi hivyo. Wote wawili walikwepa swali la pekee linalomstahili mtawala: ameitumiaje dola, na anawajibika kwa nani? Mwanamke aliye mamlakani ana haki ya kupimwa kwa mizani ile ile apimwayo mwanamume, na raia wana haki ya kumpima. Fasihi ambayo haijapata kumweka kitini haijatufundisha kufanya hivyo.

VII. Jukwaa la Butere

Yako matukio ya karibu na hapa ambayo yanaitia nguvu hoja hii na pia kuitatiza. Mwaka 2013 wasichana wa Shule ya Upili ya Butere, katika kaunti hii ya Kakamega, walizuiwa kuonyesha tamthilia ya Kiingereza iitwayo *Shackles of Doom* katika tamasha la kitaifa, mpaka Mahakama Kuu ilipoamuru waruhusiwe. Mwezi Aprili 2025 jambo lilijirudia. Tamthilia yao *Echoes of War*, inayohusu vijana na utawala, ilizuiwa. Mahakama Kuu ikaamuru ionyeshwe. Mwandishi wake, Cleophas Malala, aliyekuwa Seneta wa Kakamega, alikamatwa huko Nakuru usiku wa kuamkia onyesho. Tarehe 10 Aprili polisi waliwatawanya watu kwa gesi ya kutoza machozi. Wasichana waliingia mahali pa maonyesho, wakaimba wimbo wa taifa, wakatoka bila kuigiza.

Mhakiki atafanya nini na onyesho la namna hiyo? Matini iliandikwa na mwanamume, tena mwanasiasa. Wako waliosema kwamba wasichana walikuwa vyombo vyake. Hatuwezi kulipuuza shauri hilo, kwa kuwa desturi ya kuwavisha wanawake maneno ya wengine ni ya zamani, na makala haya yamekuwa yakiilalamikia. Lakini kitendo cha kuimba na kutoka hakikuwa katika matini. Walipokosa mwelekezi wao na watazamaji wao, wasichana waliamua. Waliichukua ibara ambayo hakuna ofisa awezaye kuipiga marufuku, wakaifanya kauli yao, wakaondoka kwa miguu yao. Kwa dakika chache tuliona kile ambacho tamthilia zetu hazijatuonyesha: wanawake wenye mamlaka juu ya jukwaa lao, wakifanya uamuzi wenye hasara ndani yake. Walikosa onyesho walilolifanyia mazoezi, na walijua watalikosa.

Tulinganishe sasa na hali ya kaunti yenyewe. Kakamega ina majimbo kumi na mawili ya uchaguzi. Katika chaguzi za 2013, 2017 na 2022, kila jimbo lilichagua mwanamume. Mwanamke aliyekwenda bungeni kwa kura za Kakamega alikwenda kwa kiti cha mwakilishi wa wanawake, ambacho mwanamume hawezi kukigombea. Nchi nzima ilichagua wanawake 16 katika majimbo 290 mwaka 2013, 23 mwaka 2017, na wapatao 30 mwaka 2022. Magavana wanawake hawakuwapo 2013. Walikuwa 3 mwaka 2017 na 7 mwaka 2022. Maisha yanasogea, polepole lakini yanasogea. Na kila gavana kati ya hao ana baraza la mawaziri, ana bajeti, ana mgomo wa madaktari, ana bunge la kaunti linalotaka kumng'oa. Hizo ni tamthilia zinazomngoja mwandishi.

VIII. Hitimisho

Hatujaribu kuwaamuru waandishi. Zama za mhakiki kumpa mtunzi orodha ya mambo ya kutunga zimepita, na hazikuacha kazi nyingi za kukumbukwa. Wala hatudai wahusika wa kike walio wema zaidi. Wema umekwisha kuzidi. Katika vichekesho vya Kiyunani, Aristophanes aliwapeleka wanawake katika baraza la Athens na kuwapa utawala wa mji, akaitumia hali hiyo kuwachekesha watu. Sisi hatujafika hata kwenye kichekesho. Bado tunamwogopa mwanamke mwenye muhuri mkononi, na woga wetu tumeuita heshima.

Muhando alituonyesha kwa nini nguzo ni nzito. Mazrui alituonyesha nani huizuia isiinuke, akiwamo yule anayejiita rafiki. Kea alituonyesha kwamba inaweza kusimama, na kwamba mahali pake ni sokoni. Kazi hizo tatu ni msingi, nasi tunazisomesha kwa shukrani. Kilichobaki ni nyumba yenyewe juu ya nguzo hiyo: chumba cha mkutano, meza, makaratasi, na mwanamke mwenye jina lake na ukoo wake, mwenye ndugu wanaoomba kazi na wapinzani wenye hoja, ambaye leo ataamua jambo na kesho ataulizwa kwa nini aliamua hivyo. Aandikwe awe na makosa. Msichana wa Shinyalu au wa Butere akimsoma huyo atajua kwamba kiti hakikutengenezwa kwa ajili ya watakatifu, na kwamba akikikalia atatoa hesabu kama mtu mwingine yeyote.